Sindano ya joto

"Daktari, ile sindano mnayomchoma ng'ombe ili aje kwenye joto, akichomwa mtu inakuwaje?"

Aliyeniuliza ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mfugaji wa ng'ombe watatu upande wa Muheza, mkoani Tanga. Tulikuwa tumemaliza kazi zizini. Mimi nanawa mikono, yeye ananimiminia maji kwa kata. Alisubiri mama yake aingie jikoni ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, macho yake kwenye maji. Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alikuwa anamfikiria mkewe.

Kazi yangu ni uhimilishaji: napandikiza mbegu za fahali kwa mrija ili mfugaji asilazimike kutafuta dume. Nimezunguka na mkoba wangu kuanzia Pongwe mpaka milima ya Amani kwa miaka mingi, na swali la kijana yule nimelisikia kwa sura nyingi. Watu wakiona mtamba aliyekuwa ametulia ameanza kupiga kelele usiku kucha akitafuta dume baada ya sindano moja, wanaamini mkobani mwangu mna dawa ya hamu. Mmoja anaitaka kwa ajili ya mkewe, mwingine anaitaka yake mwenyewe. Mficha uchi hazai, walisema wazee, nami nimeona nilijibu swali hili kwa urefu ambao pale zizini haukuwezekana, maana "hapana, ni hatari" ni jibu la kweli lakini mtu haondoki nalo na kitu.

Nianze na hiyo hatari, kwa kuwa haingoji. Dawa iliyomo kwenye sindano ile ni ya jamii ya prostaglandini. Inapenya hata kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Ikimpata mjamzito inaweza kuiharibu mimba, na ikimpata mwenye pumu inaweza kumbana pumzi papo hapo. Ndiyo maana tunavaa glavu, na ndiyo maana simwachii mfugaji chupa hata akinibembeleza vipi.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: ndani ya chupa ile hamna hamu hata tone.

Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21 hivi. Yai likishapevuka na kutoka, pale lilipotokea kwenye ovari panabaki kivimbe cha manjano kinachomwaga homoni ya projesteroni. Homoni hiyo ni komeo. Maadamu ipo, ng'ombe hana habari na dume. Asiposhika mimba, tumbo lake la uzazi lenyewe hutoa prostaglandini, kivimbe kinasinyaa, komeo linafunguka, yai jipya linakomaa huku kifuko chake kikimwaga homoni ya estrojeni, na estrojeni inapanda na damu hadi kwenye ubongo. Sindano yangu inafanya mapema kazi ambayo tumbo la uzazi lingeifanya lenyewe baadaye. Inafungua komeo, basi. Ng'ombe huingia kwenye joto siku 2 hadi 5 baada ya hapo, kwa estrojeni yake mwenyewe na ubongo wake mwenyewe. Na ukimchoma asiye na kile kivimbe cha manjano, umemwaga fedha.

Ukitaka kuona hamu inayokwenda kama saa ya ukutani, kaa na ng'ombe aliye kwenye joto. Anaacha kula. Maziwa yanapungua. Analia, anazunguka, anawapanda wenzake. Nyuma yake unaning'inia ute mrefu unaong'aa kama ute wa yai bichi. Na dalili tunayoiamini kuliko zote: akipandwa, anasimama tuli. Ukimwona amesimama asubuhi, nipigie nije jioni. Ukimwona jioni, nakuja asubuhi yake. Hali hiyo hudumu kama saa 12 hadi 18, kisha inakatika kama redio iliyoishiwa betri, na dume aliyetafutwa alfajiri anapigwa pembe magharibi. Yai lenyewe hupevuka kiasi cha saa 12 baada ya joto kwisha. Kwa maneno mengine, kwa ng'ombe hamu na yai vimefungwa kwa kamba moja. Anataka pale tu kutaka kunapoweza kuleta ndama.

Kwa panya kamba hiyo imekazwa zaidi. Jike asipopata estrojeni ikifuatiwa na projesteroni, hawezi hata kuupinda mgongo kwa namna ya kumruhusu dume. Donald Pfaff wa New York alitumia miongo kadhaa kufuata njia hiyo hatua kwa hatua: homoni inavyoingia kwenye seli za haipothalamasi, kisehemu kidogo chini ya ubongo, na amri inavyoteremka kwenye uti wa mgongo mpaka kwenye misuli. Kwa panya jike, basi, homoni zinashika vyote viwili, kutaka na kuweza.

Kwa wanyama wa jamii ya nyani kamba imelegezwa. Jike anaweza kukutana na dume siku yoyote ya mwezi. Homoni haziamui tena kama anaweza, zinasukuma tu kiasi anachotaka. Hapa kuna kisa ninachokipenda. Kwa muda mrefu watafiti waliwaweka nyani dume na jike wawiliwawili kwenye vizimba vidogo, wakaona wanapandana siku yoyote, wakaandika kwamba jike wa nyani hana wakati wake. Kim Wallen wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, akaonyesha kwamba kizimba ndicho kilichowadanganya. Ndani ya kizimba dume hana mwingine wa kumfuata na jike hana pa kukimbilia. Kwenye uwanja mpana, kundi zima likiwa pamoja, jike ndiye anayekwenda kwa dume, na anakwenda zaidi siku zile zinazokaribia kupevuka kwa yai. Hamu yenye wakati wake ilikuwapo tangu mwanzo, ila hakupewa nafasi ya kuionyesha.

Frank Beach, mmoja wa waasisi wa fani ya homoni na tabia, aliliandika jambo hilo mwaka 1976 alipotenganisha mvuto wa jike, ukubali wake, na jitihada yake mwenyewe ya kumtafuta dume. Kabla ya hapo jike alionekana kama mlango unaosubiri kugongwa. Mfugaji yeyote wa mbuzi angewaambia tofauti: mbuzi jike aliye kwenye joto anakata kamba.

Mwanamke amelegezewa kamba zaidi ya nyani. Wanawake waliopimwa homoni siku baada ya siku wameonyesha kwamba hamu hupanda kidogo estrojeni inapopanda na kushuka projesteroni inapotawala, kwa hiyo mabaki ya mpango wa zamani yapo. Lakini ni mawimbi madogo kwenye bahari kubwa. Mwanamke anaweza kuwa na hamu akiwa na mimba, akiwa katika siku zake, akiwa ameshakoma hedhi. Anaweza pia kukosa hamu katikati ya mzunguko homoni zikiwa sawasawa kabisa. Hakuna sindano ya kumweka mwanamke kwenye joto, kwa sababu joto lenyewe hana.

Wanaume nao wana hadithi yao, na inaanzia kwa jogoo. Mwaka 1849 mjini Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold alichukua majogoo wachanga sita na kuwatoa korodani. Wawili akawaacha hivyo hivyo. Wakanenepa, upanga wa kichwani ukabaki mdogo na kupauka, hawakuwika vizuri, hawakupigana, wala hawakuhangaika na matetea. Wengine aliwarudishia korodani moja tumboni, mahali pasipo pake, na wawili kati yao waliwekewa ya mwenzake. Hao wakakua majogoo kamili. Alipowapasua aliona korodani imepata mishipa mipya ya damu, akahitimisha kwamba kuna kitu kinatoka kwenye korodani, kinapita kwenye damu na kuufikia mwili mzima. Kitu hicho kilikuja kupatikana kikiwa safi mwaka 1935 huko Amsterdam, kutoka kwenye korodani za fahali, kikaitwa testosteroni.

Kijijini jaribio hilo tunalifanya kila tunapomhasi beberu. Beberu mzima unamjua kabla hujamwona. Anajikojolea ndevu na miguu ya mbele, ananuka hatua ishirini, akikuta mkojo wa jike anaunusa, anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu, kama anayecheka na meno hana. Pale anapitisha hewa kwenye kiungo kidogo kilicho juu ya kaakaa, kinachosoma habari za jike. Harufu yake nayo ni barua: mbuzi majike waliosimamisha mzunguko, wakiletewa beberu mgeni, wengi wao hupevusha mayai siku chache baadaye. Mwaka 2014 watafiti wa Japani waliwavisha mabeberu kofia maalumu kukusanya hewa ya vichwani mwao, wakaipata kemikali mojawapo inayowasha ubongo wa jike. Mhasi beberu huyo, na wiki hadi wiki harufu inapotea, ndevu zinakauka, anabaki kula na kunenepa.

Kutokana na hayo ni rahisi kukimbilia hesabu ya dukani: testosteroni kidogo hamu kidogo, nyingi hamu nyingi. Hesabu hiyo ndiyo inayouza vichupa mitaani, na ilishavunjwa mwaka 1952. Jacob Grunt na William Young huko Marekani walitumia simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa kama sungura. Waliwagawa madume kwa tabia: wenye hamu kubwa, ya kati, na ndogo. Wakawahasi wote. Hamu ikaporomoka kwa wote. Kisha wakawapa wote testosteroni kwa kipimo kilekile. Kila mmoja akarudi pale pale alipokuwa mwanzo: mkali akawa mkali, mpole akawa mpole. Wakaongeza kipimo, na mpole hakugeuka mkali.

Nakuomba usilipite jaribio hilo haraka. Linasema kwamba homoni ni sawa na mafuta ya chombo. Bila mafuta chombo hakiendi. Lakini ukishakuwa na ya kutosha, kumimina zaidi hakuibadilishi mashine. Kwa wanaume ndivyo ilivyo: mwenye upungufu wa kweli, uliothibitishwa kwa vipimo vya damu, akipewa testosteroni hamu yake hurudi. Aliye na kiwango cha kawaida akiongezewa hapati mengi, na korodani zake, zikiona homoni inatoka nje, hupunguza kazi, hadi mbegu zenyewe zinaweza kuadimika. Kuna mwanaume anayejichoma ili awe dume zaidi, akaishia kushindwa kumpa mkewe mimba.

Hapa ndipo ninapogombana na neno letu la "nguvu za kiume". Neno hilo limefunga katika furushi moja vitu vitatu ambavyo mwili unavitunza katika vyumba tofauti: kutaka, kuweza, na kuona raha. Furushi likilegea upande mmoja, mtu ananunua dawa ya upande mwingine.

Tuchukue kuweza. Uume kusimama ni kazi ya damu. Mtu akisisimka, mishipa ya fahamu inatoa gesi ya naitriki oksidi ndani ya uume, mishipa ya damu inalegea, damu inajaa na kubanwa isitoke. Sildenafili, kidonge kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1998 baada ya kuanza safari yake kama dawa ya maumivu ya moyo, hurefusha hatua ya mwisho ya ule mnyororo. Hakiwashi hatua ya kwanza. Mtu asiye na msisimko akikimeza anabaki na kichwa kinachouma. Hakiongezi kutaka. Na mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akikichanganya nazo, shinikizo lake la damu linaweza kuanguka mpaka likamuua. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mamlaka za dawa za nchi nyingi zimeshakamata poda na vidonge vya "asili tupu" vilivyotiwa sildenafili kimyakimya. Mzee wa presha ananunua unga kwenye karatasi akidhani anakula mizizi.

Tena mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo. Kisukari, presha, sigara na mafuta vikianza kuziba mabomba ya mwili, yale membamba hulalamika kwanza. Mwanaume wa miaka arobaini na tano ambaye anataka lakini mwili haumwitikii, mara nyingi moyo wake unampigia simu. Anayeijibu simu hiyo kwa kununua unga barabarani anakata laini. Apime sukari na presha.

Na pweza je? Nasi Tanga hatuwezi kuzungumza haya bila pweza. Jioni pale Ngamiani sufuria inatoa mvuke, muuzaji anakata mkono wa pweza vipande vidogo kwa kisu chembamba, anakamua ndimu, anatia pilipili, na wanaume wamesimama na vikombe vyao wakizungumza kila kitu isipokuwa kilichowaleta. Mimi pia nakunywa, kwa kuwa ni tamu. Pweza ana protini nzuri na madini ya zinki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Ananda Prasad aliwakuta vijana wa Iran na kisha Misri waliodumaa na kuchelewa kubalehe kwa kukosa zinki, na walipopewa zinki wakakua. Kwa hiyo zinki ina kazi yake. Lakini ni habari ile ile ya mafuta ya chombo: humfaa aliyepungukiwa. Joto analolisikia mtu baada ya kikombe ni la pilipili na supu ya moto. Na mazungumzo ya pale, ile hali ya kujiandaa moyoni, pengine inafanya kazi kubwa kuliko pweza mwenyewe.

Maisha ya pweza mwenyewe yananishangaza kila nikiyafikiria. Dume hupitisha vifurushi vya mbegu kwa mkono mmoja maalumu, na wa miamba yetu hunyoosha mkono huo kwa mbali, maana jike huweza kumla. Baada ya hapo dume hadumu muda mrefu. Jike hutaga, huyalinda mayai akiyapepea maji, haendi kuwinda, anakonda mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Mwaka 1977 Jerome Wodinsky aliondoa tezi mbili ndogo zilizo karibu na macho ya pweza majike waliokuwa wakilinda mayai. Wakaacha mayai, wakaanza kula, wakanenepa, wakaishi muda mrefu zaidi. Tezi zile ndizo zilizokuwa zinashikilia saa ya uzazi na saa ya kifo kwa mkono mmoja.

Turudi kwa binadamu na chumba cha kutaka. Kemikali inayotajwa sana hapo ni dopamini, na hutajwa vibaya, eti ni kemikali ya raha. Panya dume akiwekewa jike nyuma ya wavu, amwone na kumnusa bila kumfikia, dopamini ndani ya ubongo wake hupanda hapo hapo, kabla hajagusa kitu. Hiyo ni kemikali ya kuelekea, ya kuamka kitini na kwenda. Kent Berridge wa Michigan alionyesha upande wa pili: panya aliyeondolewa karibu dopamini yote hahangaiki kutafuta chakula hata afe njaa, lakini ukimdondoshea maji ya sukari mdomoni bado analamba midomo kwa raha. Kutaka kumezimwa, raha ipo. Kwa binadamu tumeona kinyume chake hospitalini: baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, wanaopewa dawa za kuiga dopamini hupatwa na tamaa ya ngono, au ya kamari, wasiyoweza kuizuia, watu waliokuwa watulivu miaka yote. Familia isiyojua inadhani baba ameharibika tabia, kumbe ni kipimo cha dawa kinachohitaji kurekebishwa na daktari.

Kwa hiyo mtu anaweza kutaka kitu kisichompa raha, na anaweza kuona raha katika kitu ambacho hakukitaka nusu saa kabla. Hilo la pili ndilo muhimu kwa ndoa nyingi. Mwaka 2000 Rosemary Basson, daktari wa Kanada, aliandika kwamba kwa wanawake wengi walio katika uhusiano wa muda mrefu hamu haitangulii. Kwanza unakuja ukaribu, mkono, maneno, mwili unaanza kuitika, na hamu inafuata. Anayesubiri hamu imdondokee mkewe kama njaa ya mchana atasubiri sana, kisha atahesabu kwamba hapendwi.

Kungwi zetu walilijua hili bila maabara. Mwari anafundishwa kufukiza nguo kwa udi, kuvaa kikuba cha asumini na mkadi, kuandaa chumba kabla ya kuandaa mwili. Watu huniuliza kama harufu hizo ni kama za beberu. Hapana. Kile kiungo cha kaakaani kwetu sisi hakifanyi kazi, na hata jeni inayokiendesha imeshavunjika tangu mababu wa mbali sana. Hakuna kemikali iliyothibitishwa kuwa barua ya namna ile kati ya mtu na mtu. Udi unafanya kazi kwa njia nyingine, ambayo kwangu ni nzuri zaidi. Miaka ya 1990 watafiti wa Montreal waliwakutanisha panya dume na majike waliopakwa harufu ya lozi. Baadaye madume hao, wakiwa na majike wawili mbele yao, walimpendelea mwenye harufu ya lozi. Lozi haina maana yoyote kwa panya. Ilipewa maana na yaliyotokea. Ndivyo asumini inavyopata nguvu: kwa kukutana na usiku mwema, mara nyingi, mpaka pua ikumbuke kabla ya akili.

Na pua hukumbuka mabaya vilevile. Hapo zinaingia breki.

John Bancroft na Erick Janssen, wakiwa Taasisi ya Kinsey ya utafiti wa mambo ya ngono huko Indiana, Marekani, walieleza hamu kama kazi ya mifumo miwili inayokwenda pamoja, mmoja wa kukanyaga mafuta na mwingine wa kukanyaga breki, na kila mtu amezaliwa na kulelewa na ukali wake wa miguu yote miwili. Maelezo hayo yalinisaidia kuliko kitabu kizima cha homoni. Mtu anayesema hana hamu, tunakimbilia kumwongezea mafuta. Mara nyingi mafuta yapo, ila breki imekanyagwa mpaka chini: madeni, msiba, kulala chumba kimoja na watoto, hofu ya mimba nyingine, maumivu, ugomvi wa asubuhi ambao haukuombwa radhi, dawa za sonona ambazo baadhi yake hufifisha hamu. Hofu ya kushindwa ni breki ya ajabu zaidi, maana mwanaume aliyeshindwa mara moja kwa uchovu anaingia mara ya pili akiwa anajichunguza, na anayejichunguza mguu wake uko kwenye breki tayari. Usingizi nao: Chicago mwaka 2011 vijana 10 wenye afya walilala saa 5 kwa usiku kwa wiki moja tu, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15.

Breki nyingine nasema kwa sauti. Raúl Paredes wa Mexico na mwenzake walichunguza mwaka 1997 kama kupandwa kunamfurahisha panya jike. Walimweka mara katika chumba chenye ukuta wa matundu madogo ambayo yeye anapita na dume hapiti, hivyo anakuja na kuondoka apendavyo. Mara katika chumba ambamo hana pa kwenda. Baadaye wakapima kama anapapenda mahali palipohusishwa na tukio hilo. Aliyekuwa na tundu la kutokea alipapenda. Aliyebanwa hakupapenda, ingawa kitendo kilikuwa kile kile na homoni zilikuwa zile zile. Panya, jamani. Mwenye ubongo wa ukubwa wa punje ya karanga.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale Muheza, maji yakinidondoka mikononi, na kijana anasubiri. Sikumweleza yote. Nilimwambia kwanza kwamba ile dawa inaharibu mimba na inaweza kumuua mwenye pumu, akashtuka kweli, akaiweka kata chini. Kisha nikamuuliza kama wana mtoto mchanga.

"Tunaye. Wa miezi minne."

"Ananyonya?"

"Ananyonya sana. Usiku kucha."

Mama anayenyonyesha ana prolaktini nyingi kwenye damu, homoni ya kutengeneza maziwa, na prolaktini huuzima ule mpigo wa ubongo unaoamsha ovari. Estrojeni yake iko chini, karibu na ya aliyekoma hedhi. Uke unakuwa mkavu na tendo linaweza kuuma, na mwili ukishaumia mara mbili unajifunza kukwepa. Juu yake weka usingizi wa vipande vipande na mikono ya mtoto iliyomshika kutwa. Nilimpa hayo kwa lugha ya zizini: ng'ombe wake yule mwekundu, alipozaa, alikaa muda gani bila kuonyesha joto wakati ndama ananyonya?

"Miezi mitano," akasema, na hapo nikaona uso wake unabadilika.

Nilimwambia amsindikize mkewe kliniki akaulize kuhusu ukavu na maumivu, kwa kuwa kuna vilainishi na kuna ushauri, na wala si aibu. Nikamuuliza mtoto akilia saa nane za usiku anaamka nani. Hakujibu. Mama yake alikuwa ametoka jikoni na chai, kwa hiyo tukaanza kuzungumza bei ya pumba.